Mafuta Yalipoacha Kuvuka

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mtu wa mawese tangu nilipopata akili. Kijiji chake kiko ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, mwendo wa saa chache kwa miguu kutoka ufukweni, na mama alizaliwa huko huko kabla ya kuolewa Ujiji. Kila baada ya miezi miwili au mitatu mjomba alivuka na boti ya mbao iliyojaa madumu ya mafuta, akashuka mwaloni, akatembea hadi nyumbani kwetu Kasingirima, hapo hapo Ujiji. Mashati yake yote yalikuwa na doa la rangi ya machungwa begani, pale alipozoea kuegemeza dumu. Mama aliyafua kwa hasira na doa halikutoka.

Mama alikuwa mpika sabuni. Uani tulikuwa na pipa lililokatwa katikati. Mafuta ya mjomba yaliingia humo, yakachemka, yakachanganywa na kostiki iliyokuja kwa treni kutoka Dar es Salaam, kisha yakamwagwa kwenye fremu za mbao mpaka yakaganda. Michikichi hata sisi Kigoma tunayo, lakini mafuta ya kule yalikuwa mengi na bei yake nafuu, kwa hiyo mama alimsubiri kaka yake. Na siku mjomba anaondoka, mzigo wake mkubwa ulikuwa miche ya sabuni. Juu yake aliongeza chumvi ya Uvinza, viberiti, betri za tochi na dawa za malaria.

Nilipokuwa na miaka kama kumi nilimuuliza, "Mjomba, mbona unaleta mafuta halafu unarudi na mafuta yale yale yaliyokauka?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Dada, sikia mwana wako!"

"Kule hakuna kostiki," mama alijibu bila kuinua uso kutoka kwenye pipa. "Kostiki haioti mtini."

"Hata ingekuwepo," mjomba akasema, "barabara ya kuipitisha iko wapi? Umeme uko wapi? Serikali yenyewe tunaisikia kwenye redio. Mungu alitupa sisi miti, ninyi akawapa reli."

"Reli hakuileta Mungu," mama akasema. "Waliijenga watu."

Nakumbuka mjomba alitazama mikono yake, mikono mipana yenye sugu za kamba ya kukwelea michikichi, kama vile mama alikuwa ameilaumu.

Nilikua, nikaolewa na fundi wa injini za boti, na nikafungua duka langu sokoni Ujiji. Nilianza na mabeseni na sufuria, nikaongeza misumari, kamba, machepe, ndoo, rangi. Wateja wangu wengi walikuwa watu wa ng'ambo, kwa sababu mimi ni mtoto wa dada yao na lafudhi yao naielewa. Waliuza walichovuka nacho asubuhi, na mchana walikuja kwangu kununua vitu vya kurudi navyo. Nilipowatazama wakipanga mizigo nilikuwa nikijiuliza swali lile lile la utoto. Redio ilisema nchi yao ni tajiri kuliko zote barani kwa yale yaliyomo ardhini. Lakini sijawahi kuona boti ikitoka kule na ndoo hata moja iliyotengenezwa kule. Ndoo zilitoka kwangu, na mimi nilizitoa Dar, na Dar walizitoa mbali zaidi. Kila mmoja katika mstari huo alipata zaidi kidogo ya aliyemtangulia, na chini kabisa ya mstari, kwenye boti, alikuwa amesimama mjomba wangu na shati lake lenye doa.

Halafu safari moja akaja bila mafuta.

Ulikuwa msimu ule ambao ziwa lilipanda na kumeza sehemu ya mwalo wa zamani, boti zikawa zinafunga kwenye miti iliyokuwa nyuma ya vibanda. Mjomba alishuka mikono mitupu, akapita katikati ya wachukuzi waliokuwa wamemzoea, akaja moja kwa moja dukani. Alikuwa amevaa koti juani. Alitoa mfukoni kiberiti, akakifungua kwenye kaunta. Ndani, katika kipande cha karatasi, kulikuwa na punje za njano zisizojaa kijiko cha chai.

"Za mtoni kwetu," alisema. "Mwipwa wangu, kumbe tulikuwa tunakanyaga."

"Na michikichi?"

"Michikichi iko. Miti haikimbii."

Siku ile alinunua vitu ambavyo hakuwahi kununua kwangu: machepe sita, sururu, makarai, pampu ndogo ya maji, na kipande cha zulia la manyoya. Nilidhani zulia ni la sebuleni, nikamtania kuhusu mkewe. Akaniambia ni la kutandaza kwenye mbao, maji ya mchanga yakipita juu yake dhahabu inanasa kwenye manyoya. Safari iliyofuata alikuja na jirani zake wawili. Iliyofuata, walikuwa kumi. Nilijenga chumba cha pili cha duka kwa ajili ya machepe na pampu. Nilinunua friji, nikalipia matibabu ya macho ya mama, nikaezeka upya. Sitasema uongo kwamba sikufurahi.

Zebaki aliniomba katika safari ya tatu au ya nne. Yeye aliiita merikiri. Aliniambia mchanga wa dhahabu una ujeuri, vumbi lake laini linapotea na maji, lakini ukilichanganya na merikiri linashikana likawa donge. Ng'ambo ilipatikana kwa shida na kwa bei ya kukomoa. "Weye una watu wa treni," alisema. "Utafute."

Nilitafuta. Nilimpata mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akija kwa treni na vifaa vya wachimbaji kutoka mikoa ya dhahabu. Najua sasa kwamba bidhaa ile ina taratibu zake na vibali vyake. Wakati ule sikuuliza, na yeye hakunieleza. Alinipa vichupa vilivyofungwa kwenye nailoni, vidogo kama vya dawa ya kikohozi. Nilipopokea cha kwanza nusura kiniponyoke, kwa sababu jicho lilitarajia wepesi na mkono ukakuta uzito wa jiwe.

Mama alinilea kuogopa kostiki. Nikiwa mdogo alinionyesha kovu lake la kifundo cha mkono, akaniambia, "Hivi ndivyo inavyong'ata. Usiiguse, usiinuse, usiipe mgongo." Nikakua nikiamini kwamba kitu kibaya kinaonyesha ubaya wake: kinaunguza, kinanuka, kinatoa machozi. Zebaki haikufanya chochote kati ya hivyo. Mchana mmoja duka likiwa tupu nilimimina kidogo kwenye kisahani. Ikajikusanya, iking'aa kama jicho la samaki aliyetoka kuvuliwa. Niliisukuma kwa kidole, ikagawanyika, ikarudiana. Nilicheza nayo muda mrefu, mtu mzima mimi, nikairudisha kichupani.

Jioni nikiosha vyombo niliona pete yangu ya ndoa imekuwa nyeupe. Haikuwa na uchafu, ilikuwa nyeupe kabisa, kama ya bati. Nilisugua kwa majivu, kwa limau, kwa sabuni ya mama. Weupe haukutoka.

Kesho yake nilimpelekea sonara mmoja wa Mwanga, hapa hapa Kigoma. Alikuwa mzee, alinyanyua pete kwa koleo badala ya vidole, akaniuliza, "Umeshika zebaki?"

"Kidogo tu, mzee wangu."

"Imeingia ndani ya dhahabu. Inapenda dhahabu kuliko sisi tunavyoipenda." Akatoka nje na jiko lake la gesi, akalamba kidole na kukiinua kupima upepo, akaniambia nisimame nyuma yake, mbali. Akaiweka pete motoni, naye akarudi nyuma hatua nyingi huku amejifunika pua kwa leso. Sikuona moshi wa kusema. Pete ilirudi njano, lakini haikung'aa kama awali.

"Mbona umekimbia, mzee?"

"Aliyenifundisha kazi alikuwa anachoma ndani, dirisha limefungwa, asiibiwe. Ni mvuke, huuoni. Ulipofika mwisho wake mwanangu, alikuwa hawezi kushika kikombe. Alikuwa anamtukana mkewe bila sababu, halafu analia. Sisi tukadhani karogwa." Alinirudishia pete. "Una kazi gani na zebaki?"

"Ni ya mtu tu," nikasema.

Kuanzia siku ile nilijua. Naandika hivyo makusudi, kwa sababu watu wa nyumbani wananihurumia wakisema sikujua. Nilijua, na niliendelea kuuza kwa zaidi ya mwaka.

Nilimwambia mjomba, ni kweli. Alipokuja tena nilimsimulia habari ya sonara, nikamwambia wachomee nje, upepo uwe mgongoni. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu mzima anavyomsikiliza msichana aliyesoma.

"Nje kuna macho," alisema. "Donge la dhahabu ukiliweka nje, saa ile ile wenye bunduki wanajua umepata. Tunafunga mlango."

"Basi acheni merikiri."

"Tukiacha tunapata nusu. Nusu haitoshi hata ya kuwalipa hao wenye bunduki." Akagonga kaunta taratibu. "Mwipwa, tuwekee vichupa vinne."

Nilimwekea. Mume wangu nilipomsimulia siku hiyo aliniambia, "Wewe humlazimishi mtu. Usipouza wewe atauza mwingine." Ilikuwa kweli, na nililala vizuri juu ya ukweli huo kwa miezi mingi.

Kikombe kilianza kugongana na kisahani wakati wa mavuno ya mahindi. Tulikuwa tumeketi kibarazani kwa mama, chai ya tangawizi, mihogo ya kuchemsha. Mjomba alinyanyua kikombe na nikasikia sauti ndogo, ya haraka, kama meno ya mtu mwenye baridi. Akakirudisha chini. Akajaribu kwa mikono miwili. Mama alikuwa akizungumza habari za arusi ya jirani, akakatika katikati ya neno.

"Kaka, una homa?"

"Boti ilinitikisa usiku kucha," alisema mjomba, akicheka. Lakini alikuwa hacheki tena kama zamani. Alikasirika kwa sababu mihogo ilikuwa na chumvi. Alimkasirikia jogoo. Baadaye kidogo aliniuliza mtoto wangu wa kwanza anaitwa nani, mtoto ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyempa jina.

Alipoondoka mama aliniita. "Ndugu yangu ana nini?"

"Malaria, labda."

Aliniangalia kwa yale macho niliyoyalipia matibabu. "Nenda ukaone nyumba yake. Mimi miguu yangu haifiki."

Sikutaka kwenda, kwa maana nilijua nitakachokiona. Lakini mama hasemi jambo mara mbili. Nikakata hati ya dharura ya kusafiria, nikabeba dawa, kanga mbili na sabuni, nikavuka.

Nilipafahamu kijiji kile tangu utotoni, tulipopelekwa siku za likizo. Nilikumbuka kelele: vijana juu ya michikichi wakiitana, mikungu ikianguka chini puu, wanawake wakikanyaga na kuimba, mvuke mwekundu. Safari hii njia ilikuwa kimya. Kabla ya kuingia kijijini kulikuwa na kamba imefungwa kukatisha njia na vijana watatu wenye bunduki wamekaa kwenye viti vya plastiki. Walipekua begi langu bila ukali. Mmoja aliniita dada, akachukua miche miwili ya sabuni, akaniambia nipite salama. Viti vile vilikuwa vya dukani kwangu. Aina ile, rangi ile ya bluu, nilikuwa nayo mimi tu sokoni.

Michikichi ilikuwa imesimama pale pale, mjomba alisema kweli kwamba haikimbii. Mikungu ilikuwa imeivia juu, ikaoza juu, na chini matunda meusi yalikuwa yametapakaa, panya wakipita mchana kweupe. Magugu yalifika kiunoni. Hakukuwa na mtu wa kupanda, kwa sababu kila mwenye nguvu alikuwa mtoni. Na mto wenyewe, ambao tulikuwa tukiona kokoto zake chini, ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa, umegeuzwa mashimo na vichuguu vya mchanga, watu wameinama humo tangu juu mpaka nilipoishia kuona. Hawakuimba. Nilisikia pampu tu.

Nyumba ya mjomba ilikuwa na mabati mapya na sola juu yake. Mkewe alinipokea kwa furaha ya kweli. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye maneno; nilimkuta amekonda, na maneno yalitoka polepole kama anayatafuta gizani. Aliniambia kwa sauti ya kawaida kwamba mimba mbili zimeharibika. Kisha akaingia jikoni kunikaangia mayai, nami nikamfuata.

Pembeni mwa mafiga kulikuwa na dumu la njano la mafuta ya kupikia. Nililijua kwa namba niliyoiandika ubavuni mwenyewe, kwa wino mzito. Mafuta yale yalikuwa yametolewa kwenye michikichi ya nchi za mbali huko Asia, yakasafishwa kiwandani, yakavuka bahari, yakashushwa Dar es Salaam, yakapanda treni siku mbili, yakalala dukani kwangu, yakavuka ziwa, yakabebwa kichwani saa nyingi, yakafika katika kijiji ambacho mafuta yalikuwa yakioza juu ya mti, hatua thelathini kutoka jikoni. Niliketi kwenye kigoda. Nilitaka kumwambia, lakini ningesema nini? Yeye alinunua kwa sababu hakuna wa kukwea. Mimi niliuza kwa sababu alinunua. Hakuna aliyekuwa amekosea hesabu yake.

Mchana mjomba alirudi kutoka mtoni na kitambaa kimefungwa. Alifunga mlango, akaziba dirisha kwa mkeka. Alikamua kile kitambaa kwa nguvu, zebaki ikachuruzika kurudi kichupani, likabaki donge la kijivu kubwa kama punje ya njugu. Mikono ilimtetemeka hivi kwamba mkewe ndiye aliyelipokea donge na kuliweka kwenye kikaango, akapuliza makaa.

"Mjomba, fungua mlango," nilisema.

"Kama unaogopa, toka."

"Na mkeo?"

"Yeye ameshazoea."

Nilitoka. Nilisimama kwenye jua na mikono yangu miwili mdomoni. Kupitia upenyo wa mlango nilimwona mke wa mjomba ameinama karibu na kikaango, akiangalia donge likigeuka rangi, uso wake umeng'aa kidogo kwa moto. Walipofungua nilimuuliza, "Mama, kikaango hiki ndicho cha mayai?"

"Tunakiosha," alinijibu. "Kwa sabuni."

Jioni ile nilizungumza na mjomba kwenye kizingiti. Nilimwambia yote tena, ya sonara na ya mwalimu wake, na kwamba kinachotikisa mikono yake si boti. Nilimwambia arudi kwenye mafuta, nami nitayanunua yote kwa bei nzuri.

"Bei nzuri ni ipi?" aliuliza. Kwa muda mfupi alikuwa mjomba wangu wa zamani, mpole, mwenye akili iliyonyooka. "Dumu la mafuta nikilipeleka kwako ninapata sabuni ya mwezi. Nimekwea miaka arobaini. Kwa miaka hiyo yote nilinunua mabati? Nilimsomesha nani? Haka kavumbi, mwaka mmoja tu, nimeezeka. Na anayekanunua kutoka kwangu anaezeka zaidi, na anayekanunua kutoka kwake hatujui hata anaishi wapi. Unataka nirudi juu ya mti ili nikae chini ya mstari?"

"Nataka uishi, mjomba."

"Kule chini ya mstari watu wanaishi?"

Nilimshika mkono, ukatetemeka ndani ya wangu kama ndege uliyemfunika kwa kofia.

Niliporudi Ujiji niliacha kuuza zebaki. Vilibaki vichupa vitatu, na nikagundua kwamba duniani hakuna mahali pa kukitupa kitu kile. Ziwani haiwezekani, shimoni kuna kisima cha jirani. Mwishowe nilimrudishia yule mfanyabiashara wa treni. Hakuniuliza kwa nini. Wiki ile ile niliviona vichupa vyangu kwenye duka la tatu kutoka langu, bado vimefungwa nailoni ile ile. Watu wa ng'ambo walihamia kule taratibu. Walikuja kunisalimia, waliniuliza hali ya mama, halafu wakaenda kununulia huko kila kitu, maana mtu akishaingia duka moja haoni sababu ya kuingia la pili. Chumba changu cha pili nilikipangisha.

Mjomba aliletwa kabla ya mwaka kwisha. Wanaume wawili walimshusha kwenye boti, mmoja kila bega. Aliweza kutembea, lakini miguu ilikwenda ilikotaka. Tulimpeleka hospitali, akatuona daktari kijana aliyepangiwa kazi huku kutoka Mbeya. Alimpima kwa makini, akamwambia anyooshe mikono, aguse pua, aandike jina lake. Mjomba alichora mstari kama wa mawimbi. Daktari aliuliza kazi yake, nikaeleza.

"Asirudi kule kabisa," alisema. "Akikaa mbali nayo anaweza kupata nafuu. Yote, sidhani. Na huo mto wanaooshea, dada, unakwenda wapi?"

"Unaingia ziwani."

"Humu humu?"

"Humu humu, daktari. Hakuna ziwa lingine."

Aliangalia dirishani kule maji yalipo. Alikuwa mgeni, bado alikuwa anashangaa jinsi samaki wetu walivyo watamu. Alikuwa ameniambia hivyo mwanzoni, akitafuta la kuzungumza wakati mjomba anavua shati. "Kuna mtu amewapima hao samaki?" nikamuuliza.

"Sijui," alisema. "Mimi sijasikia."

Mjomba anaishi kwetu sasa. Mama anamfunga vifungo. Wakati mwingine anaelewa yuko wapi, na siku hizo ndizo mbaya zaidi, kwa sababu anauliza mashimo yake yanasimamiwa na nani.

Yanasimamiwa na mkewe. Alivuka mwezi uliopita kuja kumwona. Alikaa siku tatu, akamwogesha, akamlisha, akamsimulia habari za kijiji kwa ule usemi wake wa polepole. Mjomba hakumtambua siku ya kwanza. Siku ya pili alimtambua akamgombeza. Siku ya tatu waliketi tu pamoja kibarazani, mkono wake juu ya goti la mumewe ili lisigonge.

Asubuhi ya kuondoka nilimwomba abaki. Nilimwambia nyumba ipo, chakula kipo, tutapika sabuni kama zamani.

"Kwa mafuta yapi?" aliniuliza. Hakuwa na kejeli, alitaka kujua.

"Basi usichome tena ndani. Nakuomba, mama."

"Nitafungua mlango," alisema, nami nilijua kwamba hatafungua, na yeye alijua kwamba najua.

Alipita duka la tatu kutoka langu kabla ya kwenda mwaloni. Nilimsubiri nje. Alitoka na furushi amelibana kwapani, nami nikampokea mfuko mwingine, wa chumvi, sabuni na dumu la njano la mafuta. Tulitembea hadi mwaloni. Boti ilikuwa imejaa mabati na simenti, watu wameketi juu yake wakitafuta kivuli. Nilimshika mkono apande. Aliniomba nimwangalie mumewe, nikasema nitamwangalia.

Nikarudi dukani. Kulikuwa na mteja ananisubiri, mtu wa ng'ambo niliyekuwa simfahamu, kijiji kingine, mto mwingine. Alitaka machepe manne na karai. Nilimshushia, nikamfungia kwa kamba.